Bibi, wajukuu na nyangumi wa Juneau: uchambuzi wa kisa cha safari ya meli Alaska

Familia iliyosafiri imeridhia kisa chake kiandikwe. Majina yameondolewa, mambo madogo yanayoweza kuwatambulisha yamebadilishwa, na meli pamoja na kampuni za matembezi hazitajwi. Nawaandikia hasa ndugu zetu walioko Marekani na Canada, wanaotaka kumpandisha mzazi meli ya kitalii kwenda kaskazini akaone barafu na wanyama. Maswali ninayoulizwa mara nyingi huanza na bei. Kisa hiki kinaonyesha kwa nini bei si pa kuanzia.

Usuli

Walikuwa watano. Bibi, mwenye miaka sabini na ushee, alikuwa ametoka pwani ya Tanzania kuja kumtembelea binti yake katika jimbo la Washington. Pamoja naye walikuwapo binti, mume wa binti, na wajukuu wawili wa shule ya msingi. Safari ilikuwa ya wiki moja mwanzoni mwa Agosti, kutoka Seattle na kurudi Seattle, kwa kupitia Juneau, Skagway, ghuba ya Glacier Bay na Ketchikan huko Alaska, na mwisho Victoria upande wa Canada.

Kila mmoja alikuwa na lake. Bibi alitaka nyangumi. Mkwe alitaka kupanda helikopta na kukanyaga barafu. Watoto walitaka dubu. Binti alitaka mama yake afurahi bila kuumia, maana magoti ya Bibi hayapendi ngazi wala njia ya mawe. Bahari haimtishi, amekulia kando yake. Baridi ndiyo iliyomtia wasiwasi.

Majira waliyoyachagua yalikuwa mazuri mno. Mwanzoni mwa Agosti samoni huwa wameanza kupanda mito kutaga mayai, na dubu huwafuata. Nyangumi nundu nao huwa bado wako kwenye maji ya Alaska wakijishindilia heringi na uduvi kabla ya kwenda Hawaii, ambako hupandana, huzaa, na karibu hawali kitu. Anayekwenda wakati huo anawakuta wanyama mezani.

Viza karibu iwaangushe

Tiketi zilinunuliwa mapema. Karibu miezi miwili kabla ya safari ndipo binti alipogundua kwamba mama yake, mwenye pasipoti ya Tanzania na viza ya kutembelea Marekani, alihitaji pia viza ya Canada. Meli ingekaa Victoria saa chache tu za jioni, na Bibi hakuwa na mpango wa kushuka. Hilo halikubadilisha kitu. Asiye na viza hapandi meli Seattle.

Inafaa kujua kwa nini meli inayokwenda Alaska inapita Canada hata kidogo. Ipo sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozibana meli zenye bendera za nchi za nje: haziwezi kuchukua abiria bandari ya Marekani, kuwazungusha bandari nyingine za Marekani na kuwarudisha, bila kupitia walau bandari moja ya nje. Karibu meli zote kubwa za kitalii zina bendera za nje. Victoria iko kwenye ratiba kwa sababu hiyo, na ndiyo maana mara nyingi meli hufika huko jioni na kuondoka usiku huo huo.

Binti aliamua kuomba viza mara moja badala ya kubadilisha safari. Bibi alichukuliwa alama za vidole huku huku Marekani, na pasipoti ilirudi zikiwa zimebaki siku chache. Familia ilitumia wiki kadhaa kwenye wasiwasi ambao ungeepukwa kwa kusoma ratiba ya bandari kabla ya kulipa. Walihakikisha pia kwamba viza yake ya Marekani inamruhusu kuingia zaidi ya mara moja, kwa kuwa kutoka Victoria kurudi Seattle ni kuingia Marekani upya.

Siku ya kwanza: bahari wazi

Meli nyingi zinazotoka Seattle hupita nje ya kisiwa cha Vancouver, upande wa bahari kuu, na mawimbi hapo huwa marefu. Njia ya ndani, ile yenye visiwa pande zote na maji matulivu, huwa haijaanza. Mkwe na mtoto mkubwa walitapika. Bibi alikaa katikati ya meli, sitaha ya chini, akitazama upeo wa macho na kunywa tangawizi, akawa salama. Familia ilikuwa imechagua vyumba vya juu, upande wa omo, kwa ajili ya mandhari. Kwa mtu mwepesi wa kichefuchefu, hapo ndipo meli inapoyumba zaidi.

Juneau: helikopta, dubu, nyangumi

Hapa ndipo penye kiini cha kisa. Meli ilifunga gati kabla ya adhuhuri na ilitakiwa kuondoka saa 4 usiku. Mkwe alikuwa amepanga mambo mawili yanayofuatana. Saa 7 mchana helikopta ya kutua juu ya barafu, iliyonunuliwa kupitia meli kwa zaidi ya dola 300 kwa kila mtu. Saa 10 jioni boti ndogo ya nyangumi, iliyonunuliwa moja kwa moja kwa kampuni ya pale mjini kwa sababu inabeba watu wachache. Kati ya kurudi kwa helikopta na gari la boti kulikuwa na nafasi isiyofika saa nzima. Bibi alikwisha kusema: "Wanangu, mimi huko juu siendi. Nendeni, nitawangoja." Kwa hiyo Bibi angekaa melini mchana kutwa akisubiri zamu yake.

Mawingu yaliamua vingine. Yalikaa chini kabisa ya milima, na mchana ule helikopta zote zilizuiwa. Fedha zilirudishwa zote, kwa kuwa aliyeahirisha ni mwenye helikopta. Mkwe aliambiwa huenda zikaruka saa 9, na alitaka kungoja. Binti alikataa. Alisema wakingoja, wanaweza kukosa vyote viwili, na nyangumi ndilo jambo pekee ambalo mama yake aliliomba.

Uamuzi wake uliwapa saa tatu tupu. Walipanda basi la wageni hadi Mendenhall, mto wa barafu ulio umbali wa kilomita 20 hivi kutoka gatini. Hapo kuna kijito kiitwacho Steep Creek, na juu yake njia ya mbao iliyoinuliwa, tambarare, yenye vizuizi pembeni, inayopitika hata kwa kiti cha magurudumu. Chini yake samoni wa aina ya sockeye walikuwa wamegeuka wekundu kwa ajili ya kutaga. Wahifadhi waliwasimamisha watu ghafla na kufunga kipande cha njia: dubu mweusi alikuwa akipita chini ya mbao na watoto wake wawili. Bibi alisimama ameshika kizuizi, kanga juu ya koti, akimtazama mama dubu akimtoa samaki majini na kumpeleka vichakani. Wajukuu hawakuhitaji kuambiwa wanyamaze.

Ilikuwa nafuu kuliko matembezi mengine yote waliyoyanunulia tiketi, na haikuwamo kwenye mpango.

Saa 10 gari lilikuja kuwapeleka Auke Bay, ghuba ambayo boti za nyangumi za Juneau hutokea. Bibi alikuwa amekwisha kusali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya, kama msafiri, kabla ya kushuka melini. Mwanga haukuwa tatizo, maana mwanzoni mwa Agosti jua la Juneau huchwa baada ya saa 3 usiku. Mawingu yaliyozuia helikopta hayakuizuia boti.

Walikuta nyangumi nundu wawili. Nahodha alipunguza mwendo, kisha akasimama mbali kuliko mkwe alivyotarajia. Mkwe aliuliza kwa nini hawasogei. Nahodha alimweleza kwamba sheria ya Marekani inakataza kumkaribia nyangumi nundu wa Alaska chini ya yadi 100, yaani mita 90 na kitu, na kwamba hairuhusiwi hata kumwekea boti mbele ili akupitie. Wakakaa. Nyangumi walipumua, wakapumua tena, wakainua mikia na kuzama. Dakika zikapita maji yakiwa matupu. Mtoto mdogo alianza kuchoka. Kisha mmoja akaibuka upande mwingine kabisa, karibu kuliko mwanzo, kwa hiari yake, na harufu ya pumzi yake ikawafikia. Injini haikuguswa mpaka alipoondoka.

Bibi aliwaambia wajukuu kwamba nyangumi wa namna hii hupita pia kwao. Ni kweli. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi nundu wa nusu ya kusini ya dunia hufika mwambao wa Afrika Mashariki, kuanzia Mafia na Zanzibar hadi Watamu, wakitoka maji baridi ya Antaktika. Lakini wale huja kwetu kuzaa na kunyonyesha, na wa Alaska huwa wako kazini wakitafuta chakula. Ndiyo maana huko kaskazini mtu anaweza kuona kundi likizungusha wavu wa mapovu kuwabana heringi, jambo ambalo familia hii haikubahatika kuliona.

Skagway

Walipanda treni ya White Pass, reli iliyojengwa kati ya 1898 na 1900 wakati wa kukimbilia dhahabu ya Klondike, inayopanda hadi urefu wa mita 873 mpakani mwa Canada. Binti alichagua safari ya kwenda kileleni na kurudi bila kushuka. Bibi alikaa kiti kimoja dirishani mwanzo hadi mwisho. Kwa magoti yake hapakuwa na chaguo bora siku ile.

Glacier Bay: siku isiyo na bandari

Siku hii familia iliihesabu kuwa ya mapumziko. Meli haifungi gati, hakuna tiketi ya matembezi, kwa hiyo watu wazima waliweka nia ya kulala hadi kifungua kinywa cha mwisho.

Meli kubwa zinazoingia Glacier Bay hazizidi mbili kwa siku. Asubuhi wahifadhi wa hifadhi ya taifa hupanda melini kwa boti na kukaa kutwa, wakieleza kupitia vipaza sauti na kusimama sitahani pamoja na wageni. Njia ya kuelekea ndani hupita karibu na kisiwa cha South Marble, penye simba-bahari waliolaliana juu ya miamba na ndege wa baharini kwa wingi. Maji ya chini ya ghuba ndiyo yenye fisi-maji wa baharini.

Bibi, aliyezoea kuamka alfajiri, hakurudi kulala. Alikwenda ukumbi wa mbele wenye vioo, akaomba chai, akakaa. Kiingereza cha kipaza sauti kilimpita, lakini mhifadhi mmoja alipomwona peke yake alimsogelea, akampa darubini yake na kumwonyesha kwa kidole. Aliona fisi-maji wakielea chali, vifua juu, wengine wakiwa wamewapakata watoto juu ya matumbo yao. Aliona simba-bahari. Familia ilipomkuta baadaye, kisiwa kilikuwa nyuma sana.

Wote kwa pamoja waliuona mto wa barafu wa Margerie, ukuta wenye upana wa karibu kilomita moja na nusu unaoingia baharini. Vipande viliporomoka mara kadhaa, na kila mara kishindo kiliwafikia baada ya macho kuwa yamekwisha kuona. Mhifadhi alieleza kwamba mwaka 1794, msafara wa nahodha Mwingereza George Vancouver ulipopita, barafu ilikuwa imefika karibu na mdomo wa ghuba; tangu wakati huo imerudi nyuma zaidi ya kilomita 100. Alieleza pia kwamba Wahuna Tlingit, wenyeji wa pale, walikuwa wamefukuzwa na barafu hiyo hiyo ilipokuwa ikisonga mbele na kufunika makazi yao. Binti aliniambia kwamba maelezo hayo ndiyo yaliyowafanya watoto waitazame ghuba ile kama nyumbani kwa watu fulani. Siku nzima haikuwagharimu zaidi ya nauli ya meli.

Ketchikan: dakika za mwisho

Kwenye ratiba za namna hii Ketchikan mara nyingi ni kituo kifupi. Meli ilifika asubuhi mapema na ilitakiwa kuondoka mchana. Mkwe, ambaye moyo wake ulikuwa bado na deni la helikopta, aliwachukua watoto kwa teksi hadi Herring Cove, kilomita 13 hivi kusini mwa mji, ambako samoni hupanda kijito na dubu weusi huonekana kutoka darajani. Bibi na binti walibaki mjini, wakatembea polepole kando ya Ketchikan Creek. Mvua ilinyesha, kama inavyonyesha siku nyingi pale. Mji ule hupata mvua mara tatu na zaidi ya ile ya Dar es Salaam kwa mwaka. Chini ya daraja samoni walikuwa wamejaa mpaka maji yamekuwa meusi, na sili waliingia na maji kujaa wakiwafukuza.

Herring Cove mkwe na watoto walimwona dubu mmoja, kwa mbali. Tatizo lilikuwa kurudi. Teksi iliyowapeleka ilikuwa imekwenda zake, na meli kadhaa zilikuwa bandarini siku hiyo, kwa hiyo kila gari mjini lilikuwa na kazi. Walisimama mvuani wakipiga simu. Aliyewaokoa ni dereva wa gari la kikundi kingine aliyekuwa na viti vitatu vitupu. Walipanda meli dakika chache kabla ya ngazi kuondolewa. Kituo kilichofuata kilikuwa Victoria, nchi nyingine kabisa, na pasipoti zao zilikuwa kwenye kasiki ya chumbani.

Matokeo

Bibi alipata alichokifuata, na zaidi. Watoto waliona dubu mara mbili. Mkwe hakukanyaga barafu, na hilo lilimuuma kweli. Fedha za helikopta zilirudi kwenye kadi baada ya safari. Hakuna aliyeumia wala aliyeachwa. Binti anasema lililomsikitisha zaidi ni ile asubuhi ya Glacier Bay waliyoilala.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni uamuzi wa binti pale gatini Juneau. Alichagua kulinda jambo moja lililoombwa na mtu mwenye nafasi chache zaidi za kulirudia. Mkwe anaweza kurudi Juneau mwaka wowote. Kungoja helikopta ya saa 9 kungekuwa kubahatisha siku ya Bibi kwa ajili ya matumaini ya mwingine, na binti aliliona hilo haraka.

Hata hali ya hewa ingekuwa nzuri, mpango wa Juneau ulikuwa umebanwa mno. Helikopta hucheleweshwa na mawingu hata zinaporuka, na nafasi ya chini ya saa moja ingeliwa na ucheleweshaji wa kwanza tu. Boti ya nyangumi haikuwa ya meli, kwa hiyo isingewangoja. Kwa Juneau ningeweka jambo kuu moja lenye tarehe na saa, kisha niache muda wa wazi na kujua tangu nyumbani utajazwa na nini mawingu yakishuka. Steep Creek iliwaangukia. Ingeweza kupangwa, na tiketi za basi za kwenda Mendenhall huweza kuisha siku zenye meli nyingi.

Kuhusu umbali wa nyangumi, namwelewa mkwe. Wengi wetu tumezoea picha za magari yaliyomzunguka chui mbugani, na mtu akilipa hutaka kusogezwa. Lakini nyangumi aliyesumbuliwa akiwa anakula anapoteza mafuta anayoyahitaji kwa miezi ya njaa. Ninapomshauri mtu boti ya kuchagua, namwambia aulize jinsi wanavyokaa na mnyama na kwa muda gani, kabla ya kuuliza kama wanahakikisha kumwona. Miongozo ya huko inashauri boti isikae na kundi moja zaidi ya nusu saa. Nahodha aliyesimama mbali bila haraka ndiye aliyewapa ule ukaribu ambao haukuvunja sheria yoyote.

Glacier Bay ndipo walipopoteza kingi zaidi, na hawakujua mpaka Bibi alipowasimulia. Kosa lilianzia kwenye kalenda ya familia, iliyoandikwa kwa kufuata tiketi. Siku isiyo na tiketi ikaonekana tupu. Katika safari hizi meli yenyewe ndiyo kituo bora cha kutazamia wanyama, na saa bora ni zile za asubuhi, mtu akiwa nje au mbele penye vioo, na darubini. Familia ilikuwa na darubini moja ya kuchezea ya mtoto. Darubini nzuri ya ukuzaji wa mara 8, moja kwa kila watu wawili, ingewapa zaidi ya matembezi mengi yanayouzwa kwenye dawati la meli.

Bibi hakuwa mzigo wa safari hii, ingawa mpango ulimchukulia hivyo mwanzoni. Mpango uliomweka melini akingoja wengine ndio ulioanguka. Ule uliofuata mwendo wa magoti yake, yaani njia ya mbao, boti yenye paa, kiti cha treni, daraja la mjini na ukumbi wa vioo, ndio uliowapa karibu kila mnyama waliyemwona.

Ketchikan mkwe hakukosea kwenda mwenyewe. Herring Cove ni mahali pazuri na teksi ni halali yake. Alikosa makubaliano ya kurudi. Dereva angeombwa angoje, au arudi saa iliyotajwa na kulipwa nusu ya pili hapo, na saa hiyo iwe walau saa moja na nusu kabla ya meli kufunga milango, kwa saa ya meli inayotangazwa sitahani. Ukinunua matembezi ya meli yenyewe yakachelewa, meli hukungoja au hubeba jukumu la kukufikisha. Ukienda kivyako, jukumu ni lako. Ketchikan iko kisiwani, Juneau nayo haina barabara ya kutokea. Anayeachwa anatoka kwa ndege au kwa feri. Kwa hiyo pasipoti, dawa za siku mbili na namba ya wakala wa meli wa bandari ile viende mfukoni kila mtu anaposhuka, hata kama anakwenda mwendo wa kilomita 13.